Kushusha nyama ya elki mlimani: mgongoni au kwa nyumbu wa mizigo?

Dume la elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, katika milima ya Colorado, Marekani, hupita kilo 300. Ukishamwinda na kutoa mifupa, zinabaki kama kilo 100 za nyama, na gari liko bondeni.

Njia ya mgongoni ni rahisi kwa mfuko: begi lenye fremu imara na mifuko ya kitambaa kinachopitisha hewa, basi. Watu wanne, kila mmoja na kilo 25, humaliza kwa mkupuo mmoja. Mtu peke yake atarudi mara nne, na hapo ndipo nyama huharibika. Joto hujificha kwenye paja, karibu na mfupa wa nyonga, na nyama huchacha ndani hata usiku wa baridi. Toa mfupa huo mapema, kisha tundika nyama kivulini.

Nyumbu wawili (chotara wa punda na farasi, si wale wa porini) wenye shogi, yaani mifuko ya mizigo inayoning'inia pande mbili, hubeba mzigo wote kwa safari moja. Lakini pima pande zote mbili kwa mizani ya ndoano; upande mmoja ukizidi, tandiko hupinda na kumchubua mnyama. Harufu ya damu huwashtua wasioizoea, na magogo yaliyoanguka huwazuia kabisa. Tena ukiwafuga mwenyewe, hula mwaka mzima, si msimu wa kuwinda tu.

Kundi lenye vijana wenye nguvu, karibu na barabara, litumie migongo. Mkiwa wawili na kambi ya mbali, wekeni oda ya nyumbu wa kukodi miezi kadhaa kabla.