Kijana alinivua kipimo kidoleni, bado nina hasira

Jamani nilishajiambia siandiki kitu ila kila nikikumbuka napandwa upya. Nina presha ya mapafu, sio hii presha ya kupimwa mkononi, hii ni mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu ndo imebana, moyo upande wa kulia unasukuma mpaka unachoka. Kwa macho mi mzima kabisa, nimenawiri hata, na balaa lote lilianzia hapo.

Daktari wa moyo ndo alinipeleka hapa kwenye kituo chao kufanya mazoezi ya wagonjwa, baada ya dawa kukaa sawa. Zamani wagonjwa kama sisi tulikuwa tunaambiwa tulia, usijichoshe. Mambo yakaanza kugeuka na utafiti wa Heidelberg, Ujerumani, wa 2006, ulioonyesha mazoezi yanatusaidia, na mwongozo wa madaktari wa moyo na mapafu wa Ulaya wa 2022 unayakubali kabisa, ila yawe ya kusimamiwa. KUSIMAMIWA. Shikeni hilo neno.

Wiki za mwanzo raha tupu. Dada mmoja mtaalamu wa viungo ananivalisha kile kipimo cha oksijeni kidoleni, napiga baiskeli ya mazoezi, nusu dakika taratibu, dakika moja naongeza kidogo, kila mara ananiuliza umechoka ngapi kati ya kumi, namba za oksijeni zikishuka tu tunasimama hakuna mjadala.

Sasa siku hiyo dada hayupo, nikapewa kijana. Kanitazama juu mpaka chini, akasema mama hicho kidude kinakutia woga bure. Nikajua utani. Akakivua mwenyewe akatia mfukoni. Mfukoni kwake! Halafu ananipa vyuma eti bana pumzi, nyanyua. Sisi hatubani pumzi jamani, ukibana ukakaza damu ya kurudi moyoni inapungua, unaweza kuzimia pale pale, na faili langu lilikuwa mezani kwake limeandikwa yote hayo sijui alidhani ni mapambo. Nikamwambia mwanangu naona giza. Akanijibu "acha kudeka mama, kuna wazee humu wanakushinda". Nikakaa sakafuni mwenyewe kabla sijaanguka, yeye yuko na simu.

Kudeka! Mtu ambaye nikiinama kufunga viatu natafuta hewa, leo nadeka!

Nilikuja hapa kutoa nyota moja na kuwaambia msikanyage. Lakini nikificha hili nitakuwa mwongo, kile kipimo cha kutembea dakika 6 waone umefika mita ngapi, nilianza na mita 290, juzi nimefika 345, na ngazi za nyumbani napanda bila kusimama katikati. Sijafanya hivyo muda mrefu sana, nilipofika juu nililia kidogo. Kwa hiyo nyota tatu. Hapana, mbili, maana nilipolalamika mkubwa wao kaniambia "tutaongea naye" huku anafunga mlango. Dada mwenyewe namtolea tano zote na kama angekuwa na sehemu yake ningemfuata.

Mwenye ugonjwa huu akitaka kwenda aende, ila aulize kwanza siku hiyo nani yuko zamu, na kizunguzungu au kifua kikibana aache hapo hapo hata wakimwita mdekaji. Mi narudi wiki ijayo, nimenunua kipimo changu. Kile chao sijui hata kama kilishatoka mfukoni.