Blenda au mashine ya aiskrimu?

Kwa aiskrimu ya nyumbani isiyojaa sukari, mimi huanza na blenda, maana tayari ipo jikoni. Ndizi mbivu zilizokatwa vipande na kugandishwa usiku kucha, ukizisaga na tui kidogo, hulainika kama aiskrimu ya dukani bila kijiko hata kimoja cha sukari. Tabu ni kwamba blenda dhaifu hukwama: visu vinazunguka, vipande vimetulia. Ziache ndizi nje ya friza dakika 5, saga kidogo kidogo, sukuma kwa mwiko (ukishazima, tafadhali), la sivyo utasikia harufu ya mota inaungua.

Mashine ndogo yenye bakuli la kugandisha ni habari nyingine. Kuta za bakuli hilo zina kimiminika ndani, nalo hulazwa kwenye friza saa 12 hadi 24. Umeme ukikatika usiku, basi tena. Ila likishaganda sawasawa, mashine hukoroga mchanganyiko dakika 20 hadi 30 bila kupumzika na kuuingizia hewa, hivyo chembe za barafu hazipati nafasi ya kukua. Hapo mtindi na embe visivyogandishwa, ambavyo kwenye blenda huishia kuwa juisi, huwa aiskrimu kweli. Lakini usipunguze sukari mno: ndiyo inayoizuia isigeuke jiwe.

Kwa wapenzi wa ndizi, blenda inatosha. Mpenda mtindi mwenye friza yenye nafasi anunue mashine. Vibakuli viwe vya chuma, vikae kwenye friza dakika 10 kabla ya kupakua.