Silanti ya Rangi ya Gari: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Umwachie Fundi

Gari la kwanza nililopaka silanti, ile dawa ya kukinga rangi na kuipa mng'ao, lilikuwa jeusi. Ilikuwa saa sita, jua limewaka, na boneti ilikuwa ya moto hata kiganja hakikai. Nilimimina dawa kwa wingi nikiamini kadiri inavyozidi ndivyo gari litakavyong'aa. Dakika ishirini baadaye kitambaa kikawa hakitelezi tena. Kinakwama, na kila nilipopangusa pakabaki mistari ya kijivu ambayo ukisimama ubavuni mwa gari unaiona yote. Kesho yake alfajiri, bodi ikiwa imepoa, nilipaka tone dogo la dawa ileile juu ya ile iliyokauka. Ikalainika, ikatoka.

Tangu siku ile, kabla ya kununua silanti yoyote najiuliza kwanza: hii inatokaje? Kila mtu anaweza kupaka. Kazi yote iko kwenye kufuta, na ndiyo maana mpangilio huu nimeupanga kwa kuangalia jinsi kila aina inavyomvumilia mtu anayeshika kitambaa mwenyewe nyumbani.

Jambo moja kabla ya chupa. Mng'ao wa gari uko kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo kwa magari mengi lina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, pungufu ya unene wa unywele. Silanti inalifunika na kulikinga tabaka hilo, lakini mikwaruzo haiiondoi. Kama ukisimama juani unaona vile vikwaruzo vya mviringo vinavyofanana na utando wa buibui, piga polishi kwanza. Ukipaka silanti juu yake utakuwa umevihifadhi.

Nafasi ya kwanza naipa silanti ya polima iliyo nzito kama losheni, ile ya kupaka kwa sponji. Inadumu miezi minne hadi sita gari likioshwa vizuri, na uzuri wake mkubwa ni kwamba haikukimbizi. Unapaka, inakauka na kuacha ukungu mweupe, unafuta. Ukiwa dukani soma maelezo ya matumizi na uyaache maneno makubwa ya mbele ya chupa. Tafuta mambo mawili: dakika ngapi za kukauka, na saa ngapi gari lisiguswe na maji baada ya kufutwa. Ukikuta imeandikwa kwamba unaweza kupaka gari zima ndipo uanze kufuta, hiyo chukua. Inayokutaka ufute kipande kwa kipande haraka haraka itakusumbua, hasa penye joto.

Ya pili ni ya kupuliza. Nyingi siku hizi zina dayoksaidi ya silikoni, kwenye lebo utaona SiO2. Zinadumu mwezi mmoja hadi mitatu, na kwa mtu asiye na nafasi zinatosha kabisa. Mimi huitumia kuipa nguvu ile ya losheni kila baada ya kuosha mara kadhaa. Puliza kwenye kitambaa badala ya kupuliza kwenye bodi, halafu geuza upande mkavu umalizie. Ukizidisha, inaacha michirizi.

Nta ya karnauba naiweka ya tatu, na najua wapenzi wake hawatapenda. Inatokana na majani ya karnauba, mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, na kwenye rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva inatoa kina ambacho silanti nyingi hazikifikii. Lakini baada ya wiki nne hadi nane imekwisha, na ni mapema zaidi gari likishinda juani. Ukiipenda, ipake juu ya silanti iliyokwisha kukaa. Usigeuze mpangilio huo: silanti haishiki juu ya nta.

Polishi yenye silanti ndani yake ni ya nne. Ni ya gari lililochoka ambalo mwenyewe anataka lichangamke kwa siku moja. Inasafisha kidogo, inakinga kidogo.

Ya mwisho ni seramiki, dawa inayoganda na kuwa ngumu juu ya rangi, na sababu si ubaya wake. Ikipakwa sawasawa inakaa miaka miwili na zaidi. Tatizo ni kwamba baada ya kuipaka una dakika chache tu za kuisawazisha. Ukipitiwa na sehemu moja, inaganda na kuacha doa jeusi lenye rangirangi kama mafuta juu ya maji, na likishaganda haliondoki kwa kitambaa wala sabuni. Ni kupiga polishi eneo zima. Hiyo mwachie fundi mwenye chumba kisicho na vumbi na taa za kutosha.

Pamoja na silanti nunua sponji laini mbili, vitambaa vya mikrofaiba visivyopungua sita, na klei, ule udongo laini unaovuta uchafu ulioganda kwenye rangi. Kwenye vitambaa usibane matumizi. Chagua vyenye uzito wa gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba na visiwe na lebo ngumu ukingoni. Kikidondoka chini, kiweke kando mpaka kifuliwe. Punje moja ya mchanga inatosha kuchora boneti nzima.

Gari likishaoshwa na kukauka, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na uupitishe taratibu juu ya boneti. Kupitia plastiki vidole vinahisi kila kipele. Pakikwaruza, pitisha klei ukiwa umelowesha bodi kwa maji ya shampuu. Kisha ingia kivulini na ubandike utepe wa karatasi juu ya plastiki nyeusi zisizong'aa, kwa sababu dawa ikikaukia pale inaacha weupe usiotoka kirahisi.

Kwa boneti nzima yatosha matone matatu au manne ya silanti ya losheni, kila moja ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Paka kwa mistari iliyonyooka mpaka ubaki ukungu mwepesi ambao karibu huuoni. Kujua kama imekauka, buruta ncha ya kidole mara moja. Ikiacha njia safi inayong'aa, anza kufuta. Ikipakaa kama mafuta, subiri. Futa kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne bila kukandamiza, upande ukijaa geuza, kisha malizia kwa kitambaa cha pili kikavu. Sehemu iliyogoma usiisugue. Iongezee tone la dawa ileile, hesabu mpaka thelathini, ifute.

Kuondoa silanti ya zamani ni habari nyingine. Wengi hukimbilia sabuni ya vyombo. Inaidhoofisha, lakini haiiondoi yote. Alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya alkoholi kwa sehemu nne au zaidi za maji, inasaidia zaidi kwa tabaka jepesi; ipake kwa kitambaa, bodi ikiwa imepoa. Njia ya uhakika ni klei ikifuatiwa na polishi nyepesi. Na kumbuka kila ukipiga polishi unakula klia, kwa hiyo usifanye hivyo kila msimu kwa kuzoea tu.

Gari lililotoka kupulizwa rangi upya gereji usiliwekee kitu chochote kwanza. Rangi ile bado inatoa hewa ya kemikali zake, na ukiifunika mapema inaweza kuharibika. Muulize fundi rangi muda wa kusubiri kwa rangi aliyotumia. Mara nyingi atakutajia siku 30 hadi 90.

Baada ya kazi, vitambaa vyote vifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, peke yake bila nguo za pamba, na bila dawa ya kulainisha nguo, kwa maana hiyo inaziba nyuzi na kuleta michirizi. Bakiza kimoja kisafi. Asubuhi yake zunguka nacho gari huku ukiinama mpaka mwanga uanguke kwa pembeni: penye maungio ya milango, chini ya vishikio na kuzunguka nembo utakuta vumbi jeupe la silanti uliyoisahau. Pale linatoka kwa mpapaso mmoja.