Ensaiklopidia ya karatasi au ya mtandaoni?

Kila bajeti ya maktaba ya shule ikijadiliwa, swali hili hurudi: tununue seti ya ensaiklopidia au tulipie ya mtandaoni?

Ya karatasi ina kitu ambacho wengi hukisahau, nacho ni faharasa. Mwanafunzi anayetafuta nyuki ataelekezwa kwenye uchavushaji, asali na wadudu, na njiani atakutana na jambo ambalo hakulitafuta kabisa. Wanafunzi watano hufungua majuzuu matano kwa wakati mmoja, bila umeme wala nywila. (Juzuu moja likipotea, hata hivyo, seti nzima hubaki na pengo.) Tatizo lake kubwa ni kuzeeka. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011. Seti iliyochapwa 2010 haiwezi kuwa na habari hiyo. Britannica, ensaiklopidia maarufu ya Kiingereza, ilitangaza mwaka 2012 kwamba haitachapa tena, na toleo lake la mwisho la karatasi, la majuzuu 32, ni la 2010. World Book, ensaiklopidia nyingine ya Kiingereza, iliendelea kuchapwa.

Ya mtandaoni hurekebishwa siku yoyote na hutafutika kwa sekunde chache. Lakini usajili ukiisha, rafu yote imeondoka. Wikipedia ni ya bure na ina toleo la Kiswahili, ila ubora wa makala zake hutofautiana mno. Mwalimu aanze kwa kuwaonyesha wanafunzi vyanzo vilivyo chini ya ukurasa.

Kwa watoto wa madarasa ya chini ningechagua karatasi bila kusita. Kwa wakubwa, mtandao, pamoja na kamusi nzuri na atlasi mezani.