Goti linakwama, MRI safi: uzoefu wangu wa kushonwa meniskasi

Nawaandikia wenye goti linalogoma kunyooka wakichuchumaa, halafu vipimo vinaonyesha hawana kitu. Mimi lilinisumbua zaidi kwenye swala. Nikiinuka kutoka kwenye atahiyatu, kitu kinanasa upande wa nje wa goti la kulia. Nalichezesha taratibu, linalia "ko!", linaachia, natembea kama kawaida. Hospitali ya kwanza walinipiga eksirei na MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), wakasema hakuna kilichochanika, wakanipa dawa za maumivu na kunishauri nipunguze uzito. Iliniuma sana kuonekana kama nalalamika bure.

Daktari bingwa wa mifupa niliyemwona baadaye aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: linanasa likiwa limekunjwa kiasi gani, na linaachiaje? Akanilaza, akalikunja hadi mwisho huku akizungusha unyayo, vidole vyake vikiwa kwenye maungio. "Ko!" Akalisikia mwenyewe. Akanieleza kuwa kila goti lina meniskasi mbili, gegedo zenye umbo la mwezi mwandamo. Ya nje husogea zaidi kuliko ya ndani, na vishikizo vyake vya nyuma vikilegea, inateleza kuelekea katikati goti likikunjwa sana. Kwenye MRI unalala mguu ukiwa umenyooka, na hapo imesharudi mahali pake.

Uhakika ulipatikana kwa athroskopi, ile ya kuingiza kamera kwenye matundu madogo. Video nilionyeshwa baadaye: kindoano kinaivuta meniskasi, nayo inakuja bila ubishi. Aliishona palepale. Nashukuru hakuikata, kwa sababu ndiyo inayogawanya uzito wa mwili, na ikiondolewa goti huwahi kusagika. Ukingo wake wa nje unapata damu, kwa hiyo mshono una nafasi nzuri ya kushika.

Kazi kubwa ilikuwa baada ya hapo. Magongo, kutokunja zaidi ya nyuzi 90 kwa wiki 6, kuswali kwenye kiti, kutochuchumaa kwa miezi 4. Paja lilinywea hadi suruali ikapwaya. Kama unapanga bajeti, tenga kabisa hela ya fiziotherapia. Bila mazoezi yale nisingeweza kupanda ngazi.

Sasa nasujudu vizuri. Atahiyatu bado inabana kidogo, ila goti halijanasa tena. Ukienda kwa daktari, mwonyeshe hasa mkao unaolinasisha, na mwombe alipime likiwa limekunjwa.