Hema la watu watatu, kutwa nzima ya mvua, na sisi tulikuwa sita

Hema hili ninalo mwaka wa pili na nimelala ndani yake usiku mwingi mlimani, lakini kulijua hasa nimelijua safari hii, siku tuliyoshinda humo tangu saa moja asubuhi hadi giza lilipoingia. Tulikuwa mita 3,900, siku ya mapumziko. Ukishavuka mita 3,000 inashauriwa usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne uupe mwili siku ya kuzoea hewa nyembamba. Tulitarajia jua la kuanikia soksi. Mvua ilianza alfajiri na haikukata, upepo nao ukaja kuisaidia.

Ni hema la kuba: fito tatu za alumini, matabaka mawili ya kitambaa, milango miwili, na kila mlango una baraza lake. Likiwa kavu lina kilo 3.4. Sakafu ni ya milimita 5,000, yaani inastahimili uzito wa safu ya maji ya kimo hicho kabla haijapenyeza. Saa nane mchana maji yalikuwa yanapita chini yetu, ukibonyeza kwa kiganja unayasikia yakisogea, na ndani halikuingia tone. Mishono pia haikuvuja. Hapo sina neno.

Ila kilichotuokoa ni yale mabaraza. Wenzetu watatu walikuwa na hema jepesi la mlango mmoja. Kila aliyetoka kujisaidia alirudi na tope na maji hadi kwenye matandiko. Ilipofika saa nne wote wamehamia kwetu. Jozi sita za buti tukaziweka baraza moja, makoti ya mvua baraza la pili, na ndani pakabaki pakavu. Tulikaa magoti yakigusana, lakini katikati pana kimo cha sentimita 125, hata mrefu wetu alikaa bila kukunja shingo. Kwa kutwa nzima, shingo ina thamani kuliko gramu 300 unazookoa begani.

Udhaifu wake ni hewa. Kwa pumzi za watu sita na nguo mbichi, adhuhuri tabaka la nje lilikuwa linatiririka upande wa ndani, na mwenzetu akaanza kutafuta palipotoboka. Hapakutoboka popote; ni mvuke wetu wenyewe uliokutana na kitambaa baridi. Matundu ya hewa ni mawili tu, tena moja lilielekea kwenye upepo, tukalifunga. Tulipoacha mlango wa upande wa pili wazi kiganja kimoja juu na kimoja chini, hali ikatulia. Lakini mfuko wangu wa kulalia wa manyoya ya bata ulikuwa umeshagusa ukuta. Manyoya yakilowa hugandamana na joto linapotea. Usiku ule nililala na soksi mbili.

Jingine: kitambaa ni nailoni, nayo ikilowa hulegea. Kamba tulizikaza mara nne.

Kuna jambo nalisema kwa msisitizo, maana mabaraza makubwa hushawishi. Mmoja wetu alitaka kuwasha jiko la gesi barazani, kiongozi akakataa katakata. Alifanya sawa kabisa. Wawili kati yetu walikuwa wanaumwa kichwa. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo jiko hutoa panapokosa hewa ya kutosha, haina rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, zile zile za ugonjwa wa kimo. Mtu angezidiwa mbele ya macho yetu tukidhani ni mlima. Maji tulichemsha nje chini ya turubai, wawili wakishika ncha zake. Kule juu maji huchemka yakifika nyuzi 87 hivi, kwa hiyo yalipoingia hemani yalikuwa yameshaanza kupoa, lakini kila mmoja alikikumbatia kikombe chake kwa mikono miwili.

Kesho yake mvua ilipungua, vichwa vimetulia, tukakunja. Tulilikung'uta tukiwa wanne, na bado lilikataa kuingia kwenye mfuko wake. Tabaka la nje nililifunga juu ya begi kwa kamba, likawa linanidondokea mgongoni hadi tulipofika kambi iliyofuata.