Darubini ndogo: kagua makengeza kabla ya kutoa pesa

Darubini yangu ya kwanza ya kukunjwa niliinunua kwa sababu iliandikwa 10x25 (hukuza mara 10, lenzi ya mbele ni milimita 25) na iliingia mfukoni. Asubuhi ya kwanza porini nilikaa chini ya mti nikitazama ng'ambo ya bonde kwa dakika 20 hivi. Nilipoishusha, kichwa kilikuwa kinagonga nyuma ya macho. Nikalaumu jua, nikalaumu kukosa usingizi. Siku ya tatu na tumbo nalo likachafuka. Mwenzangu akaiomba, akaiweka machoni, akaishusha papo hapo. "Dada, hii ina makengeza."

Na kweli ilikuwa nayo. Mirija yake miwili haikuelekea mahali pamoja. Jicho moja lililetewa picha iliyokaa juu kidogo, la pili iliyokaa chini kidogo, na misuli ya macho ikawa inashinda kutwa ikizivuta zikutane. Kinachoudhi ni kwamba ubongo hukubali kuziunganisha: unaona picha moja, nzuri tu, unaamini chombo ni kizima, kumbe kichwa ndicho kinachobeba mzigo.

Ukisoma maelezo ya darubini utakutana na ukuzaji, uzito, kinga ya maji na rangi ya mpira wa nje. Hayo yote yameandikwa kwenye boksi na unaweza kuyasoma mwenyewe. Makengeza hayaandikwi popote, na kwenye darubini ndogo ndiko yanakopatikana kwa wingi. Prizimu zake, vile vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza picha ikae wima, ni ndogo na zimebanwa ndani ya nafasi finyu. Zikishikwa kwa gundi hafifu au plastiki laini, kuanguka mara moja kunatosha kuzisogeza. Ongeza bawaba. Darubini nyingi za mfukoni zina bawaba mbili, ili kila mrija ujikunje kuelekea katikati. Kila bawaba ni mahali pengine pa kulegea. Na kosa hilo hukuzwa pamoja na picha, kwa hiyo kosa ambalo 8x ingelivumilia, 10x hulifanya adhabu.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji kifaa. Toka nje, tafuta mstari ulionyooka kwa mlalo, ukingo wa paa au waya, ulio mbali mita 100 au zaidi. Rekebisha fokasi mpaka uwe mkali, kisha iondoe darubini polepole machoni, sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso, huku ukiendelea kuutazama ule mstari. Utaona viduara viwili vya mwanga. Mstari ukae kimo kimoja katika vyote viwili. Ukiwa umepanda upande mmoja, irudishe kaunta. Jaribio la pili: tazama kitu cha mbali, ziba lenzi moja ya mbele kwa kiganja, hesabu hadi tano, zibua. Picha ikiruka kabla ya kutulia, jibu umelipata. Kosa la juu na chini ndilo baya kuliko yote, kwa sababu macho yetu huweza kujivuta kuelekea puani bila shida kubwa, lakini moja kupanda huku jingine likishuka si kazi yaliyoizoea.

Sasa uchaguzi wangu, na sifichi ninakoegemea: Zeiss.

Ya kwanza ni Zeiss Terra ED Pocket 8x25. Ina bawaba moja tu, iliyowekwa pembeni badala ya katikati, na bado inakunjika ikaingia mfukoni. Uzito wake ni gramu 310 hivi, haiingizi maji, na sisi tunaovaa miwani tunaona duara zima bila kuivua. Kampuni hii ilianzia kwenye karakana ya Jena, Ujerumani, mwaka 1846, na mwaka 1894 ilikuwa tayari inauza darubini za prizimu. Terra haitengenezwi Ujerumani, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyo peke yake. Mimi nimepima tatu za watu mbalimbali kwa ule mstari wa paa, zote zikakaa sawa, na hilo ndilo ninalolijali. Mwenye uwezo zaidi achukue dada yake, Victory Pocket 8x25: bawaba ya mtindo uleule, uwanja wa kuonea mpana zaidi, picha safi mpaka karibu na ukingo.

Ya pili ni kwa wawindaji hasa: Nikon Monarch M7 8x30. Hapa namba zina maana. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. 8x25 inatoa milimita 3.1, 10x25 inatoa 2.5, 8x30 inatoa 3.75. Mchana mboni yako haifunguki zaidi ya milimita 2 au 3, kwa hiyo tofauti huioni. Lakini mnyama hutoka alfajiri na jua linapozama, wakati mboni imefunguka milimita 5 au zaidi, na hapo 10x25 inageuka giza ilhali mwenzako bado anahesabu pembe. Monarch ni nzito zaidi, karibu gramu 470, na haiingii mfuko wa shati. Ivae shingoni. Afadhali uzito huo kuliko kumtambua mnyama kwa darubini ya bunduki, maana kufanya hivyo ni kuelekeza mtutu kwenye kitu ambacho hujakijua, na kitu hicho kinaweza kuwa mtu.

Ya tatu, Swarovski CL Pocket 8x25. Vioo vyake sina la kuvilaumu. Ina bawaba mbili, ila ni ngumu na zimekazwa vizuri. Naiweka ya tatu kwa sababu ya bei, ambayo ni mara kadhaa ya Terra, na macho yangu hayakuona mara kadhaa ya tofauti. Leica Ultravid 8x20 ni ndogo na nyepesi ajabu, ya kupanda nayo mlima, lakini lenzi ya milimita 20 usiitegemee jioni.

Za bei ya chini? Chukua 8x badala ya 10x, pima makengeza mara mbili, basi.

Nina neno na wauzaji. Niliporudisha ile ya kwanza niliambiwa, "Utaizoea." Nilipokataa kuizoea, nikaambiwa niliiangusha. Sikuiangusha. Muuzaji mwenyewe alikuwa amenionyesha kwa kutazama ukuta ulio hatua sita mbele yetu, ambapo kosa la namna hii ni vigumu kuligundua, na nilipoomba kutoka nayo nje alisema bidhaa haivuki mlango. Na bado wanaendelea kupanga rafuni vidude vilivyochapwa 30x60 ambavyo lenzi yake inazidi kidole gumba kwa kidogo tu. Ishike kwa urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga nyeupe, usielekeze kwenye jua kamwe, kisha pima kwa rula kile kiduara cha mwanga kwenye kioo cha jicho. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kiduara hicho: ndio ukuzaji wa kweli. Kimoja nilichokipima kilitoa 8. Huo ni uongo uliochapwa kwenye chuma, na mnunuzi wa mara ya kwanza ndiye anayeumia, kwa sababu haamini kwamba namba inaweza kudanganya.

Kama unaagiza mtandaoni, mzigo ukifika usikate lebo wala usitupe boksi. Siku hiyohiyo, kukiwa bado na mwanga, toka utafute paa la mbali. Mkanda ufunge baadaye.